Chuo Kilichosajiliwa

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko. Naandika kwa mkono, polepole, na herufi zangu huanza zimesimama kisha zikafika mwisho wa mstari zimelala. Darasa la saba ndilo la mwisho nililosoma kwa Kiswahili. Yote niliyoyapata baadaye niliyapata kwa Kiingereza, kwa hiyo mkikuta "r" mahali pa "l", sahihisheni kimoyomoyo mwendelee. Shiru, anayenichapia, anakisikia Kiswahili vizuri lakini hajawahi kukiandika, kwa hiyo makosa mengine yatakuwa yake. Mwezi uliopita tulimzika mama yake, Mama Wanjiru, kule Columbia, Maryland. Baada ya maziko tulikaa ukumbini tukila, na vijana wawili waliokuwa meza yangu wakaniuliza wachague chuo gani, kwa sababu wanataka kufanya kazi hii yangu ya ustawi wa jamii. Nilianza kuwajibu, nikajikuta sizungumzi habari za vyuo bali za marehemu. Wakasema, shangazi, andika. Basi naandika.

Ilikuwa katikati ya miaka ile ya elfu mbili. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na moja, nimetoka Singida, naishi Annandale, jimbo la Virginia huku Amerika, kwenye fleti ya Mama Wanjiru, ambaye hakuwa ndugu yangu wala Mtanzania mwenzangu. Alikuwa Mkenya wa Nyeri aliyenikuta kanisani sina pa kulala akasema, "Kuja tu, utalala na Shiru." Chumba chetu kilikuwa na vitanda viwili na dirisha lililotazama maegesho ya magari. Shiru alikuwa na miaka kumi na minne, na ukimsemesha kwa Kiswahili alikujibu kwa Kiingereza bila kuinua macho. Jikoni ndiko maisha yalikokuwa. Kulikuwa na jiko la umeme lenye plati moja mbovu, sufuria la ugali lililotoka Nyeri ndani ya sanduku la nguo, na majani mapana ya dukani ambayo Mama aliyakatakata mpaka yakakubali kuitwa sukuma wiki. Jina langu, Tumaini, alilikata likawa Tuma, na alinitania kila siku. "Nyinyi Watanzania mna shida. 'Naomba chumvi, naomba maji.' Maji ni ya mfereji, unamwomba nani?" Mimi nilicheka na kuinamisha kichwa. Nilikuwa mtu wa kuinamisha kichwa. Hata basini, kituo changu kikipitwa, nilishuka kinachofuata nikarudi kwa miguu kuliko kumwita dereva.

Mimi na Mama tulifanya kazi nyumba moja, nyumba ya kuwatunza watu wazima wenye ulemavu, si mbali na pale tulipoishi. Tuliwaogesha, tuliwapikia, tuliwapa dawa zao, tulikaa nao. Alikuwepo mzee mmoja, Bwana Walter, ambaye hakuweza kusema, alionyesha tu kwa kidole. Kila baada ya muda alikuja afisa wa ustawi kumwona, mwanamke Mmarekani mweusi, mnene, jina lake Denise, mimi nilimwita Bi Denise. Siku moja alimuuliza Bwana Walter kama angependa kuhamia karibu na dada yake. Kisha akanyamaza. Alingoja. Mimi nilikuwa nimesimama na sinia la chai, nikadhani amesahau alichouliza. Akaendelea kungoja mpaka Bwana Walter akainua kidole akaonyesha mlango, na Bi Denise akasema, "Asante, nimeelewa." Sikuwahi kuona mtu mzima akimngoja mtu namna ile. Ndani yangu nikasema, kazi hii ya kungoja mimi naiweza. Nilimwambia Mama usiku ule ule tukiosha vyombo, na huo ndio ukawa mwanzo wa haya ninayosimulia.

Mama alifurahi kupita kiasi. Yeye mwenyewe alikuwa akisomea kazi hiyo hiyo, huduma za jamii, kila Jumamosi, kwenye chuo cha Silver Spring, jimbo jirani la Maryland. Jina lake silitaji, lilikuwa refu na lenye neno "kimataifa". Kilikuwa ghorofani juu ya duka la vyakula vya kwetu, na harufu ya dagaa ilipanda ngazi pamoja na wanafunzi. Mwenye chuo tulimwita Dokta. Alikuwa mtu mtaratibu, wa suti, anayekumbuka jina la mtoto wa kila mtu. Nusu ya kanisa ilisoma kwake. Jumamosi ya kwanza niliyokwenda, Mama alimuuliza mbele yangu, makusudi ili nisikie, "Dokta, mwambie huyu. Hii chuo imesajiliwa?" Dokta akageuka kwenye kiti, akaelekeza kalamu ukutani. Palikuwa na cheti ndani ya fremu, chenye muhuri wa jimbo wa rangi ya dhahabu. "Imesajiliwa," alisema. "Msome wenyewe." Tukasimama tukasoma. Kwetu, Kenya au Tanzania, shule ikiwa na usajili wa serikali maneno yamekwisha. Isiyosajiliwa ndiyo ya kukimbia. Mama akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi.

Kulikuwa na chuo kingine, na hicho kilikuwa mlangoni petu. Chuo cha jamii cha pale pale Annandale, basi langu la kazini lilipita langoni mwake asubuhi na jioni. Bi Denise ndiye aliyenitajia kwamba kina masomo ya huduma za jamii. Nilipomwambia Mama, aliacha kusonga ugali, mwiko ukabaki hewani. "Community? Tuma, hiyo ni village polytechnic! Umevuka bahari yote hiyo uende village polytechnic?" Hata mimi niliposikia "chuo cha jamii" niliona vile vyuo vyetu vya wananchi, ambako aliyeshindwa mtihani wa darasa la saba alipelekwa kujifunza useremala na cherehani. Mimi nilikuwa nimeshindwa mtihani huo. Nilitoroka cherehani kwa kuja Amerika. Isitoshe, cha Annandale kilikuwa na mtihani wa Kiingereza mlangoni, na kwa Dokta hapakuwa na mtihani wala mahojiano. Unaandika jina, unakaa. Siwezi kuwaeleza vijana wa leo jinsi jambo hilo lilivyonivuta.

Jioni moja nilikuwa chumbani, mlango haukufungwa vizuri, nikamsikia Mama akizungumza na rafiki yake kwenye simu. "Huyu wangu wa Tanzania? Ni mtoto mzuri, haki, lakini hana mdomo. Ati anataka kusaidia watu, na hawezi kuuliza bei ya nyanya. Huko kwingine watamla. Wacha nimpeleke kwa Dokta, kule hatasumbuliwa." Akacheka kwa upendo. Nilijua ni upendo. Shiru, kitandani kwake, aliacha kusoma akanitazama, kisha akasema kwa Kiingereza kwamba mama yake huwa anasema hivyo hivyo juu yake, ila kinyume, kwamba ana mdomo mno. Ndiyo mara ya kwanza tuliyocheka pamoja. Lakini maneno yale yalinikaa. Kwa kuwa sikuwa na mdomo, nilikuwa nikichaguliwa chuo ambacho hakingehitaji nifungue mdomo.

Mama aliandikisha jina langu. Ningeanza Jumamosi ya kwanza ya muhula mpya, naye angehitimu mwisho wa muhula huo. Joho lake alikwisha kuagiza, na Nyeri walikwisha kuambiwa. Katika wiki zile Bi Denise alikuja kwa Bwana Walter, akaniuliza habari za chuo. Nikamwambia nimepata, kipo Silver Spring. Akaniuliza kama kinatambuliwa. Neno alilolitumia la Kiingereza sikulijua, nikadhani ni lile lile letu, nikamjibu haraka, kwa mara ya kwanza nikiwa na uhakika, "Ndiyo, kimesajiliwa na serikali." Alinitazama kwa namna ile yake ya kungoja. Kisha akasema, "Hilo silo nililouliza, mpenzi. Nenda pale Annandale uwaulize kama wanapokea masomo yake."

Nilikwenda nikarudi mara ya kwanza bila kuingia ofisini. Nilikaa kwenye benchi la nje nikitazama wanafunzi: Wakorea, Wahindi, akina mama wa umri wa Mama na mikoba mgongoni. Hapakuwa na cherehani hata moja. Mara ya pili niliingia, nikachukua namba, namba yangu ikaitwa nikashindwa kusimama, wakaita ya mwenzangu. Mara ya tatu mshauri wa wanafunzi, kijana mwenye tai iliyolegea, alitoka nje mwenyewe akauliza kama kuna mtu anamngoja. Nikamwambia jina la chuo cha Silver Spring. Akatafuta kwenye kompyuta, akatafuta tena kwa tahajia nyingine. Akaniuliza nina hakika na jina. Nikamwambia kuhusu cheti na muhuri wa dhahabu. Hapo akaelewa, na nilimwona akitafuta maneno yasiyoniumiza. Muhuri ule, alisema, ni ruhusa ya kufanya biashara ndani ya jimbo. "Hata saluni ya kucha inao." Kutambuliwa ni kitu kingine, huja kwa watu wengine kabisa, wanaokuja kukagua masomo yenyewe na walimu. Chuo kisichotambuliwa, masomo yake hayahamishiki, na ofisi za ustawi haziyahesabu. Niliuliza swali moja tu zaidi, na sauti ilitoka kama ya mtu mwingine: "Na aliyekwisha kusoma muda mrefu huko?" Akasema, pole pole, "Angeanza upya."

Nilitembea hadi nyumbani, basi likinipita. Sikuwa nikijifikiria mimi. Mimi nilikuwa bado sijaanza, nilikuwa nimeokoka. Niliwaza juu ya joho. Niliwaza Mama akitoka kazini Ijumaa na miguu imevimba, na Jumamosi yuko garini kabla jua halijapanda, anapita barabara ile ya kuzunguka jiji mpaka Silver Spring, daftari mapajani. Nilijaribu kumwambia jikoni. "Mama, nilipita pale chuoni..." "Pale polytechnic? Wachana nao." Nilijaribu garini, akaniambia niangalie upande wangu kama kuna gari. Hakuwa mkali. Alikuwa na furaha tu, na furaha yake haikuacha nafasi ya kuingiza neno. Siku zilikwenda hivyo.

Jumapili ya mwisho kabla ya muhula, Mama alimwalika Dokta chakula. Alichinja bajeti yake, kama alivyosema mwenyewe: nyama ya mbuzi, pilau, chapati zilizofunikwa taulo. Papa Didier, jirani yetu Mkongo wa Bukavu, alikuwepo pia. Alikuwa mwalimu kwao, na huku aliendesha teksi. Tulibana meza na kochi, Shiru akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Dokta alisali vizuri, akala vizuri, akamsifu Mama mpaka Mama akaficha uso kwa leso. Kisha akanigeukia. "Na binti yetu Tumaini, mwanafunzi wetu mpya. Una swali lolote kabla ya Jumamosi?" Wote mnajua swali la namna hiyo. Jibu lake ni "hapana, asante". Mama alikwisha kuanza kunijibia: "Huyu? Huyu hana maswali, Dokta, huyu ni kondoo wa Mungu." Wakacheka. Mimi nikajisikia nikisema, "Ninalo."

Kicheko kikakatika. Nilitazama chapati, sikumtazama yeye. Nikasema, "Nikisoma kwako, Dokta, chuo kingine kitapokea masomo yangu?"

"Tumesajiliwa, binti. Si uliona?"

"Niliona. Kusajiliwa nimeelewa. Nauliza kutambuliwa."

Akaweka uma chini. "Aa. Hilo ni jambo refu kidogo. Tuko kwenye mchakato."

Papa Didier alikuwa akitafuna mfupa. Akautoa mdomoni. "Mchakato ni nini, Dokta? Ni ndiyo, ao ni hapana?"

"Ni mchakato, ndugu yangu. Mambo haya yanachukua muda."

"Miye nilifundisha miaka mingi," Papa Didier alisema, "nikakuja hapa na diplome yangu, bakaniambia lete ekivalansi, ya kusema masomo yangu ni sawa na ya hapa. Haina ekivalansi, ni karatasi. Sasa nauliza juu ya huyu mama. Iko ekivalansi, ao haiko?"

Dokta alipangusa mikono kwenye kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Kwa sasa," alisema, "bado." Nataka niwe mwadilifu kwake. Hakuwahi kutudanganya hata mara moja. Tulimuuliza swali la kwetu, naye alitujibu swali hilo hilo, huku akijua kwamba silo lililotupasa kuuliza. Mama alisimama, akachukua sahani ya Dokta iliyokuwa na nyama bado, akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Niwaongezee chai?"

Wageni walipoondoka alifunga mlango, akaegemea hapo. "Ulijua tangu lini?" Nikamwambia. "Na ukangoja nijaze nyumba watu?" Nikasema nilijaribu, Mama, jikoni, garini. "Hukujaribu. Kujaribu ni kunishika mkono uniambie, Mama, zima moto, kaa chini." Kisha akasema neno lililonichoma kuliko yote: "Na nilikuwa nikiambia watu huna mdomo." Wiki ile hakunisemesha ila ya lazima. Kazini alinipa funguo za dawa bila kunitazama. Nyumbani alikiweka chakula changu kwenye sahani, akaifunika, akaingia chumbani. Shiru alitembea katikati yetu kama mtu anayevuka barabara kuu, akitafsiri: mama anauliza kama utafua, mama anasema mvua inakuja. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa akisema Kiswahili, kwa sababu aliyapeleka maneno kama alivyopewa.

Jumamosi asubuhi nilisikia gari likinguruma chini. Akapiga honi, mara moja, kama Jumamosi zote. Nilikuwa nimevaa. Niwaambie ukweli, sikujua nilivaa kwa safari ipi. Kulala chini ya paa la mtu na kukataa gari lake si jambo dogo, na njia ya Silver Spring ilikuwa rahisi, mlango uko wazi, kiti kimeshapashwa joto. Nilishuka ngazi. Nikaenda upande wake wa dereva, si upande wangu, akateremsha kioo. Nikamshika mkono uliokuwa kwenye usukani. Nikasema, "Mama, zima gari."

Akazima. Nikamwambia siendi. Nikamwambia nitafanya mtihani wa Annandale, na nikishindwa nitafanya tena, na kama atataka nihame nyumbani nitahama. Alikuwa ametazama mbele. "Nani amesema uhame?" alisema. Baadaye akasema, "Na mimi? Nimebakisha muhula mmoja, Tuma. Nina miaka hamsini na tatu. Nikarudi nyuma niende kukaa na watoto wa umri wa Shiru?" Nilikumbuka wale akina mama wenye mikoba mgongoni, nikataka kumwambia. Badala yake nikangoja. Nilimngoja kwa muda niliouona mrefu, mkono wangu juu ya wake, mpaka akasema, "Mimi namalizia. Nilianza, namaliza. Wewe nenda huko kwako." Akawasha gari, akaenda Silver Spring.

Mtihani nilifaulu kwa shida, wakaniweka kwenye Kiingereza cha chini kabisa, nikaanza. Na siku ya mahafali ya Mama, ukumbi wa kukodi wa Silver Spring ulijaa kanisa zima. Dokta alisoma majina kwa madaha. Wachache tulijua kwamba chuo hakitambuliwi, na tuliojua tulijua nani mwingine anajua, tukawa hatutazamani. Jina la Mama lilipoitwa alisimama ndani ya lile joho la buluu, amenyoosha mgongo, na akageuza kichwa kwenye safu yetu. Alikuwa akinitafuta mimi. Nilimwona akingoja nitafanya nini. Nikasimama nikapiga vigelegele. Mimi, ambaye sikuweza kumwita dereva wa basi, nilipiga vigelegele mpaka watu wa safu ya mbele wakageuka, na Shiru naye akadakia, vibaya, kwa ulimi wa Kimarekani, na Mama akapanda jukwaani akicheka na kulia.

Karatasi ile haikumpa kazi nyingine. Aliendelea kuwaogesha watu na kuwapa dawa mpaka magoti yalipomkataa. Hakuwahi kuniambia nilifanya vizuri, na hakuwahi kuniambia nilifanya vibaya. Lakini kila msichana mpya aliyeingia kanisani akitaja chuo, Mama alimshika mkono, akamleta nilipokaa, akamwambia, "Keti hapa. Huyu atakuuliza swali moja, na ujibu hilo hilo, usijibu lingine."

Kwa hiyo, ninyi mnaochagua chuo, mkiwa Virginia, Maryland au kokote, msiulize kama kimesajiliwa. Mnajua sasa cha kuuliza. Lakini mimi bado nina swali langu, na ndilo lililonifanya nikubali kuandika. Wapo wanaosema nilimwaibisha mtu aliyenipa kitanda, ningemwambia faraghani au ningenyamaza, kwa kuwa kwake yeye ilikuwa imechelewa. Wapo wanaosema ilibidi meza nzima isikie, kwa kuwa nusu ya kanisa ilikuwa ikisoma pale. Nimebeba pande zote mbili hadi maziko yake, na sijui bado. Niandikieni. Andikeni hata mistari miwili, hata kwa mwandiko mbaya kuliko huu, mpeni Shiru aniletee. Niambieni mngemwambia wapi Mama Wanjiru, na kwa maneno gani. Mimi nitasoma polepole, na nitamjibu kila mmoja.